Karoti zinapita Mlali, mtoto haoni jioni: chakula gani kinalinda macho?

Ukisimama kando ya barabara pale Mlali, utayaona magari yanayoshuka kutoka Mgeta na Nyandira yakiwa yamesheheni karoti, kabichi, njegere na viazi mviringo. Yanapita, yanatokea Sangasanga kwenye barabara kuu ya Iringa, yanaingia Morogoro mjini, na mengine yanaendelea mpaka Dar es Salaam. Mlali yenyewe inapakia nyanya. Kwa hiyo huku chini ya milima ya Uluguru chakula tunakiona kila siku. Tatizo ni kwamba kile kinachopita barabarani na kile kinachofika kwenye sahani ya mtoto ni vitu viwili tofauti.

Kila tukizungumzia macho kwenye kipindi cha afya, swali linalorudi ni hili: nile nini ili nione vizuri? Wengi wanaouliza ni watu wazima walioanza kusogeza simu mbali na uso ili wasome ujumbe. Hao tutawajibu, lakini mbele kidogo. Tunaanza na watoto, kwa sababu kwa mtoto mdogo chakula kinaweza kuamua kama ataona au hataona, na mara nyingine kama ataishi.

Mwaka 2010, utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya ulipima damu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 na kukuta kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watatu Tanzania alikuwa na upungufu wa vitamini A. Watoto hao hawakuwa vipofu. Wengi walikuwa wakicheza kama kawaida na mzazi hakuwa na wazo lolote. Hapo ndipo ugumu ulipo: akiba ya vitamini A inakaa kwenye ini, inapungua kimyakimya kwa miezi, na siku dalili inapoonekana jichoni ujue ghala lilikwisha kitambo.

Jua likizama

Nyuma ya jicho, kwa ndani, kuna utando unaopokea mwanga. Kwenye utando huo zimo chembe za kuonea pale mwanga unapokuwa hafifu: jioni, alfajiri, au ndani ya nyumba yenye koroboi. Chembe hizo zinafanya kazi kwa kutumia rangi maalumu ambayo mwili huitengeneza kwa vitamini A. Mwanga ukiipiga rangi hiyo inavunjika, na ni lazima itengenezwe upya. Vitamini A ikipungua, utengenezaji unasuasua. Mtu anaona vizuri kabisa saa nane mchana, lakini saa moja usiku anapapasa ukuta.

Mtoto wa miaka miwili hawezi kukwambia, "Mama, sioni jioni." Hajui kama wenzake wanaona. Utamtambua kwa mwendo wake. Giza likianza kuingia anakaa pale alipo wakati wenzake bado wanakimbizana uwanjani. Anajikwaa kwenye kizingiti anachokivuka kila siku. Anapapasa sahani kutafuta tonge. Familia nyingi husema mtoto huyu ni mwoga, au mvivu, au ana usingizi wa mapema. Kabla hujamwita mvivu, mwangalie jioni tatu mfululizo.

Vitamini A ina kazi ya pili jichoni, nayo ni kulifanya liwe laini na lenye unyevu. Ikikosekana kwa muda mrefu, weupe wa jicho unakauka na kupoteza mng'ao, na kwa baadhi ya watoto yanatokea madoa meupe kama povu la sabuni lililokaukia, pembeni mwa kile cheusi cha jicho. Baada ya hapo hatari inakuja haraka. Kioo cha mbele cha jicho kinapata kidonda, kinalainika, na kinaweza kuharibika kabisa ndani ya siku chache, jicho likabaki na kovu jeupe lisilorudi nyuma. Mtoto mwenye jicho lililokauka au lenye ukungu mweupe kwenye kioo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri kesho, na usitie kitu chochote jichoni ukiwa nyumbani.

Ngozi laini inayolinda jicho ni ndugu wa ngozi laini iliyo ndani ya mapafu na utumbo. Vitamini A inazitunza zote. Ndiyo maana mtoto mwenye upungufu anaugua kuhara na vichomi mara kwa mara na anachelewa kupona. Daktari wa macho wa Marekani, Alfred Sommer, aliliona hili Indonesia alipokuwa akifuatilia watoto wasioona jioni: walikuwa wakifa kwa wingi kuliko wenzao, hata pale tatizo la macho lilipokuwa bado dogo. Utafiti wake mwingine kule Aceh, uliotangazwa mwaka 1986, ulionyesha kuwa vijiji ambavyo watoto walipewa vidonge vya vitamini A vilikuwa na vifo vya watoto pungufu kwa karibu theluthi moja. Wataalamu wengi hawakuamini kwamba kidonge cha bei ndogo namna ile kingeweza kufanya kazi hiyo.

Sehemu mojawapo iliyosaidia kuwafanya waamini iko jirani yetu tu, mkoa wa Dodoma.

Wodi ya surua Mvumi

Hospitali ya Mvumi, si mbali na Dodoma mjini, ilikuwa na daktari wa macho Mwingereza aitwaye Allen Foster. Enzi hizo surua ilikuwa ikipita vijijini kama moto wa nyikani, na baada ya surua walibaki watoto wenye vidonda kwenye vioo vya macho. Yeye na Sommer waliwachunguza watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya namna hiyo. Zaidi ya theluthi moja walikuwa wametoka kuugua surua, na katika hao, nusu vidonda vyao vilitokana na ukosefu wa vitamini A. Kati ya watoto waliopoteza macho yote mawili, sababu iliyoongoza ilikuwa hiyohiyo.

Surua inafanyaje hivyo? Inakuja na homa kali, inachoma akiba ya vitamini A iliyobaki kwenye ini, inaharibu utumbo usinyonye chakula, na inajaza vidonda mdomoni mpaka mtoto anakataa kula. Mtoto aliyekuwa na akiba ndogo anaishiwa ndani ya wiki moja.

Hapo Mvumi madaktari wakafanya jaribio. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili. Wote walipata matibabu ya kawaida, ila kundi moja liliongezewa vitamini A ya kumeza. Katika watoto 92 ambao hawakuongezewa, walikufa 12. Katika 88 walioongezewa, walikufa 6. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa wazi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987 katika jarida la madaktari la Uingereza, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walishauri watoto wenye surua katika nchi zinazopoteza watoto wengi kwa ugonjwa huo wapewe vitamini A. Ushauri huo unafuatwa mpaka leo. Mtoto wako akipata surua, muulize mhudumu kuhusu vitamini A hata kama macho yake yanaonekana mazima.

Jambo jingine lilionekana katika wale watoto 130, na linatuhusu sana: kwa baadhi yao, dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni zilichangia kidonda. Maji ya majani, unga wa mizizi, vitu vya namna hiyo. Mzazi anatia kwa upendo, akitaka kumsaidia mwanawe. Lakini kioo cha jicho ni chembamba sana, na maji ya majani yana vijidudu na tindikali. Kama una mboga ya majani, mpe mtoto aile.

Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Watu wengi wanakumbuka ile ya kwanza na kuisahau ya pili. Katika orodha yoyote ya mambo yanayolinda macho ya mtoto, sisi tungeiweka chanjo hiyo juu, kabla hata ya karoti.

Nyanya za Mlali, karoti za Mgeta

Sasa tuje sahanini. Vitamini A inapatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni vyakula vya wanyama, ambavyo vina vitamini yenyewe ikiwa tayari: maini, kiini cha yai, maziwa, samaki wenye mafuta. Ya pili ni mimea yenye rangi ya njano iliyokolea, chungwa au kijani kibichi kilichokolea, ambayo ina betakarotini. Mwili unaichukua betakarotini na kuigeuza kuwa vitamini A, lakini kwa hasara: zinahitajika takriban sehemu 12 za betakarotini ya kwenye mboga ili kupata sehemu 1 ya vitamini A. Kwa hiyo mboga za majani si za kuonja. Kijiko kimoja cha mchuzi wenye jani moja linaloelea hakimsaidii mtoto.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wakulima wetu. Nyanya ni nyekundu, inang'aa, na mtu anaweza kudhani ndiyo chakula cha macho. Wekundu wa nyanya unatokana na kitu kingine, laikopini, ambacho mwili hauwezi kukigeuza kuwa vitamini A. Ukichukua nyanya na karoti za uzito uleule, karoti ina vitamini A karibu mara ishirini ya nyanya. Nyanya ina faida zake, inaleta vitamini C na inafanya mboga iliwe, lakini kaya inayolima nyanya eka mbili na kula ugali kwa mchuzi wa nyanya na vitunguu kila siku inaweza kuwa na fedha kidogo mfukoni na mtoto asiyeona jioni. Kabichi nayo ni hivyohivyo. Ile nyeupe inayoshuka kutoka mlimani karibu haina kitu upande huu. Unga wa mahindi meupe, uwe sembe au dona, hauna vitamini A ya asili, labda ule wa kiwandani ulioongezewa virutubishi. Viazi vitamu vyeupe, mihogo na wali mweupe havina.

Karoti basi. Wenzetu wa Mgeta wanazilima vizuri, na zikishuka zinakuwa za bei nafuu kipindi cha mavuno. Ni chakula kizuri, hakuna ubishi. Ila sifa yake imevuka mpaka. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Uingereza iliacha isambae hadithi kwamba marubani wake wa usiku, kama yule John Cunningham, walikuwa wakizipiga ndege za Wajerumani gizani kwa sababu wanakula karoti sana. Ndani ya ndege zao kulikuwa na rada. Karoti inarudisha macho ya jioni kwa mtu ambaye tatizo lake ni upungufu wa vitamini A. Kwa mtu ambaye hana upungufu, hata akila gunia haongezi kitu, atapata tu viganja vya njano.

Ukituuliza sisi kaya ya Mlali ianze na nini, tungesema matembele kabla ya karoti. Matembele hayanunuliwi. Yanaota pembeni mwa shamba, yanastahimili kukatwa kila wiki, na ukiwa na ndoo moja ya maji yaliyotumika yanakaa kijani hata Septemba. Majani ya maboga ni ya daraja hilohilo, na boga lenyewe likiwa na nyama ya rangi ya chungwa ni bora zaidi. Mchicha, mnafu na kisamvu vyote vimo. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa, maana kina sumu inayotoka kwa kutwangwa na kwa moto. Mengine yote yapikwe kwa muda mfupi.

Kuna mboga ambazo watu wa rika la vijana wanaziona za kimaskini, na utasikia mtu akijisifu kwamba kwake hawali majani, wanakula nyama. Nyama nyekundu ina madini ya chuma, tena mazuri, lakini vitamini A yake ni ndogo sana. Ini ndilo lenye utajiri. Mchinjaji anapokata mbuzi, kipande cha ini kama cha vidole viwili, mara moja kwa wiki, kinamtosha mtoto mdogo kwa siku nyingi, kwa sababu mwili wake unaweka akiba. Mama mjamzito ajihadhari: ini kila siku ni nyingi mno kwa mtoto aliye tumboni. Kwake mboga za majani, viazi lishe na yai ni salama kabisa, kwani betakarotini mwili huigeuza kadiri inavyohitaji tu.

Mayai yanasikitisha kidogo. Kaya ina kuku sita, mayai yote yanakwenda dukani kubadilishwa sukari na sabuni. Tunaelewa, fedha haitoshi. Lakini mayai mawili kwa wiki kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano ni jambo ambalo baba na mama wanaweza kulipanga bila kuharibu bajeti. Na maziwa ya mbuzi: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipeleka mbuzi wa maziwa Mgeta tangu miaka ya 1980 kwa kushirikiana na Wanorwei, na mpaka sasa ukipanda huko utawakuta wafugaji wanaokamua. Maziwa hayo ni meupe kuliko ya ng'ombe, na weupe huo usikudanganye. Vitamini A imo ikiwa tayari, ndiyo maana haionekani kwa rangi. Kikombe kimoja kinampa mtoto mdogo kama theluthi ya mahitaji yake ya siku. Yachemshwe kwanza, na asipewe mtoto wa chini ya miezi sita badala ya ziwa la mama.

Maembe na mapapai ni ya msimu, na msimu wake watoto hawahitaji kuambiwa. Embe kubwa lililoiva likawa na nyama ya chungwa linatoa sehemu nzuri ya mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Bichi la kula na chumvi na pilipili halina kiasi hicho.

Mahindi ya njano yana karotini, meupe hayana. Wazee wanaukumbuka unga wa njano wa misaada ya miaka ya njaa, ule waliouita "yanga", na wengi wakiuona wanakumbuka shida. Ni bahati mbaya, kwa sababu kwa upande wa macho unga ule ulikuwa bora kuliko sembe nyeupe tunayoiheshimu.

Bila mafuta, inapita tu

Vitamini A inasafiri ndani ya mafuta. Mtoto akila mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi, sehemu kubwa ya betakarotini inapita utumboni na kutoka. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kinatosha kubadili hali hiyo. Karanga zilizotwangwa zinafanya kazi hiyohiyo na zinaongeza utomvu kwenye mboga. Tui la nazi pia. Ukikosa vyote, mpe mtoto karanga au kipande cha parachichi pamoja na mlo. Kwa wadogo sana karanga zisagwe, zisije zikawakwama kooni.

Mafuta yenyewe yana habari yake. Kanuni za serikali za mwaka 2011 ziliagiza viwanda vikubwa viongeze vitamini A kwenye mafuta ya kula, na kifungashio kinapaswa kuonyesha hivyo. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa kwenye mashine ndogo ya kijijini ni mazuri kwa kusafirisha vitamini ya kwenye mboga, lakini yenyewe hayana vitamini A. Mawese mekundu kutoka Kigoma, ukiyapata sokoni Morogoro mjini, yana betakarotini nyingi kuliko karibu mafuta yote tunayoyajua. Rangi ile nyekundu ndiyo yenyewe. Usiyachome mpaka yawe meupe.

Jua na moto vinaiharibu betakarotini. Osha mboga kabla ya kukata, kata karibu na kupika, funika sufuria, toa mapema, na usimwage maji yake. Anayekausha mboga kwa ajili ya kiangazi azikaushe kivulini penye upepo, au juu ya kichanja kilichofunikwa kitambaa cheusi. Mboga zilizoanikwa juu ya bati kwenye jua kali hubaki na ladha, lakini sehemu kubwa ya kile tunachokitafuta imekwishaondoka. Vivyo hivyo dagaa waliokaukia juani: wana protini na madini ya zinki, ambayo yanalisaidia ini kuiachia vitamini A iende jichoni, lakini vitamini A yao wenyewe imepungua.

Matone ya Juni na Desemba

Tanzania hutoa matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Juni na Desemba, pamoja na dawa ya minyoo kwa waliotimiza mwaka mmoja. Kidonge cha bluu ni cha watoto wa miezi 6 hadi 11. Chekundu, chenye nguvu maradufu, ni cha mwaka mmoja na kuendelea. Mhudumu anakata ncha na kumkamulia mtoto mdomoni. Dozi moja hukaa kwenye ini na kumvusha mtoto miezi minne hadi sita, ndiyo maana inarudiwa baada ya nusu mwaka.

Kuna wanaosema, mwanangu anakula vizuri, hahitaji matone. Na kuna wanaosema kinyume, amepata matone, chakula hakina haja. Wote wanapoteza. Matone ni ya kuziba pengo mpaka chakula kiweze kufanya kazi hiyo, na huwezi kujua kwa kumtazama tu mtoto kama ini lake lina akiba. Vidonge hivyo visinunuliwe na kutumiwa nyumbani kiholela. Vina nguvu, na vikizidi vinadhuru, hasa kwa mama mjamzito.

Kwa mtoto mchanga, chakula cha macho ni ziwa la mama. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, yana vitamini A nyingi kuliko ya siku za baadaye. Baadhi ya bibi zetu waliyakamua na kuyamwaga wakiamini ni machafu. Mama anayenyonyesha akila matembele na viazi lishe, mtoto naye anapata sehemu yake.

Na sisi watu wazima?

Turudi kwa yule anayesogeza simu mbali. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho inakuwa ngumu na haijikunji tena kirahisi kusoma vitu vya karibu. Hakuna chakula kinachorudisha hilo. Miwani ya kusomea inarudisha, na ni vema ipimwe.

Mtoto wa jicho, yaani ukungu unaofunika lenzi uzeeni, unaondolewa kwa upasuaji. Presha ya macho inaiba uoni kimyakimya kutoka pembeni na inahitaji dawa za daktari maisha yote. Trakoma inatokana na vijidudu vinavyosambazwa na nzi, mikono na vitambaa, na kinga yake ni kunawa uso. Usubi, ugonjwa wa inzi wadogo wa kwenye mito yenye maji ya kasi, mkoa wetu wa Morogoro unaufahamu, hasa Mahenge. Kinga yake ni dawa inayogawiwa kwa jamii nzima. Anayeuza unga wa majani kwa madai kwamba unatibu yote haya anauza maneno.

Pale chakula kinapogusa macho ya mtu mzima sana ni kwenye kisukari. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka inaharibu mishipa midogo nyuma ya jicho, na mtu huja kugundua siku jicho limevuja damu. Soda mbili kwa siku, chai ya vijiko vinne na ugali mkubwa usio na mboga ni njia ya huko. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Uvutaji wa sigara nao unaongeza hatari ya mtoto wa jicho. Mboga za kijani zilizokolea zina rangi zinazokaa katikati ya utando wa jicho na kuusaidia kustahimili mwanga mkali, kwa hiyo sahani ile ya matembele haimfai mtoto peke yake.

Mbegu ya kuanzia

Tukibaki na jambo moja la kulifanya msimu huu, ni viazi lishe, vile viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Aina zinazofahamika Tanzania ni pamoja na Kabode, Mataya na Kiegea. Kiazi kimoja cha wastani kilichochemshwa, kama gramu 125, kinaweza kumtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Tafadhali usinunue kwa ngozi ya nje. Kuna viazi vyekundu nje na vyeupe kabisa ndani. Kata kimoja uone.

Kinachowakwamisha wengi ni marando. Mvua zinapoanza hakuna mbegu, kwa sababu kiangazi kiliyakausha yote au mifugo iliyala. Tenga kitalu kidogo, hata cha hatua tatu kwa tatu, karibu na bafu au pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, kwenye kivuli cha migomba. Kizungushie miiba. Chagua marando ya mashina yasiyo na majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya njano, maana hayo yana virusi na yatakuzalia viazi vidogo. Mvua zikishika, kata vipande vya urefu wa kama sentimita 30 kutoka nchani na upande juu ya matuta. Baada ya miezi mitatu hadi mitano unachimba, na wakati huo wote majani machanga unayachuma kwa mboga, kidogokidogo, usiuvue mmea wote.

Ofisa ugani wa kata anaweza kukuelekeza marando safi yanakopatikana, na SUA iko Morogoro mjini, safari ya daladala tu kutoka Mlali. Mkiwa watano au sita mnaweza kumtuma mmoja akaleta fungu moja, mkagawana, kila mtu akaanza na kitalu chake.